Refa na Rafiki wa Ng'ambo ya Ukuta

Mwanamke ninayemwandika hapa hakuwahi kushika filimbi maishani mwake, lakini mtaa mzima ulimwita Refa, hata polisi na muuza maziwa. Jina alipewa na watoto, na jina la watoto halitoki hata uliloweke kwenye sabuni wiki nzima.

Mumewe alikuwa fundi wa televisheni. Alipokufa alimwachia mtoto mmoja wa kiume, chumba kimoja kinachotazama barabara, na televisheni nne zenye migongo kama ngamia ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mashemeji walimshauri aziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye akatafuta mashine mbili za gemu za mitumba, zile za kanda, ambazo kanda ikigoma unaitoa, unaipuliza, unairudisha huku ukimwomba Mungu. Akaweka benchi moja refu la mbao, akafungua mlango. Mwanamke ambaye hakujua timu ya mpira ina watu wangapi akawa mwenye chumba cha gemu, na akakaa humo miaka ishirini na sita.

Karakana yangu ya baiskeli ilikuwa upande wa pili wa barabara. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe.

Alikuwa na sheria ambayo wenye vyumba vingine walimcheka kwayo: kwake hachezi mtu peke yake. Mashine zenyewe ziliweza kucheza na mtu mmoja, na fedha ya mtu mmoja ni fedha. Yeye hakutaka. Mtoto akija peke yake, ameibana sarafu kiganjani mpaka imelowa jasho, Refa anamzuia mlangoni.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Sina, Refa."

"Kuna watu wamejaa mtaa huu, wewe huna hata mmoja? Nenda katafute."

Na mtoto alikwenda. Nimewaona wakigonga milango ya watu wasiowajua: "Mama, naomba mtoto wako nikamfunge." Nimemwona mtoto wa meneja wa benki akimvuta mkono mtoto wa msukuma mkokoteni, wanakimbia kama nyumba inaungua. Asubuhi hawakuwa wakijuana. Jioni walikuwa wanagombana kama wamezaliwa tumbo moja.

Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Marehemu mume wangu alizungumza na televisheni kuliko alivyozungumza na mimi. Nimeshaona mtu anavyopotelea humo ndani. Hapa kwangu watatazama kioo, sawa, lakini bega liguse bega."

Mshindi alibaki, aliyefungwa alimpa mkono mshindi na kwenda mwisho wa benchi. Benchi lile ndilo lilikuwa shule. Pale mtoto alijifunza kungoja, kutaniwa bila kulia, na kumtania mwenzake bila kumtukana mama yake. Kelele zake zilivuka barabara mpaka kwangu.

"Wewe umefungwa mabao sita, bado umekaa hapo kama mkwe?"

"Pedi yako ilikuwa mbovu!"

"Pedi haina kosa, mbovu ni vidole. Nenda kavioshe."

Pedi ni kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe. Refa alijifunza kuzifungua na kuzisafisha kwa mswaki na spiriti. Ilikuwa kazi yake ya kila asubuhi: pedi nane zimepangwa juu ya gazeti, matumbo nje, kama samaki.

Kisha mambo yakabadilika, wala hayakubadilika kwa siku moja ili mtu aweze kuilaani siku hiyo. Kanda zikawa sidii, hilo halikutuumiza. Baada ya sidii zikaja gemu zinazodai mtandao kabla hazijakuruhusu hata kupiga teke. Halafu kila mtoto akawa na chumba cha gemu mfukoni. Benchi likaanza kuonyesha mbao zake. Siku ambayo Refa alijua yamekwisha, walikuja vijana wawili wakakaa pale mkabala na televisheni, kila mmoja na simu yake, wakacheza wao kwa wao kupitia mtandao, pedi ziko mbele yao hazijaguswa.

"Mmekuja kufanya nini?" akawauliza.

"Nje kuna jua, Refa. Tumefuata kivuli."

Hakuwafukuza. Mwezi uliofuata nusu ya chumba akampa muuza vifuniko vya simu. Mimi nilikuwa tayari naziba pancha za watu wazima tu. Watoto hawakuwa wakianguka na baiskeli tena, kwa sababu hawakuwa wakizipanda. Wazazi wanajisifu kwamba siku hizi watoto wao hawana makovu ya magotini. Waendelee kujisifu.

Sasa nimfikie mjukuu.

Mtoto wa Refa aliendesha lori la masafa na mkewe alikuwa muuguzi wa zamu. Walikaa mbali kidogo, na walikuwa na binti mmoja, miaka kumi na moja. Basi la shule lilimshusha kwa bibi yake saa tisa, na mama yake alipitia kumchukua saa moja, mara nyingine saa tatu, akiwa amechoka hata kujibu salamu. Binti alikula alichopewa, akaosha sahani bila kuambiwa, akakaa pembeni ya lile benchi na simu yake, spika ndogo zimo masikioni. Mtoto mzuri. Hakuna aliyewahi kuja kumuulizia.

Refa alilea nusu ya mtaa kwenye benchi lile. Amewahi kualikwa harusi za watu waliojuana mlangoni pake. Na huyu wa damu yake hakuwa na rafiki hata wa kumwazima kalamu. Alikuwa akiniambia, "Nimeacha kuomba mambo makubwa. Ninachotaka, kabla sijafumba macho, ni mtoto mmoja tu aje agonge hapa aseme, yupo?"

Hata hivyo yule binti alikuwa akizungumza. Hilo ndilo lililomchanganya bibi yake. Alikaa kimya robo saa, mara anacheka, mara anaruka: "Njoo kushoto! Funga mlango wa pili! Nimekwambia usiniache!"

"Unazungumza na nani?"

"Na Chuma Saba, Bibi."

"Chuma Saba ni mtoto wa nani?"

"Sijui. Ni mwenzangu."

"Anakaa wapi?"

"Bibi, watu hawaulizani hivyo."

"Watu hawaulizani wanakokaa? Sasa wanaulizana nini?"

"Wanaulizana kama una kuni za kutosha."

Ndiyo, kuni. Walikuwa na nyumba humo ndani, yeye na huyo Chuma Saba, kwenye kisiwa chenye mazimwi. Walikuwa wakiijenga kwa zaidi ya mwaka, ina milango miwili na mnara. Binti mwenyewe humo aliitwa Malkia wa Radi. Refa alinisimulia haya akitikisa kichwa. "Amejenga nyumba na mtu asiyemjua hata ukoo," akasema. "Sisi tulianza na ukoo, nyumba ikaja baadaye."

Siku moja alikwenda kumwaga maji machafu kwenye uchochoro kati ya nyumba yake na ya jirani, fundi cherehani, mwanamke aliyehamia miaka miwili iliyopita. Uchochoro ule ni mwembamba, mtu mnene hupita ubavu. Akasikia sauti ya mtoto kutoka dirisha la fundi: "Nyuma yako! Nyuma yako!" Na kutoka dirisha lake mwenyewe akasikia mjukuu wake anajibu: "Nimemwona!"

Akasimama na ndoo yake. Kushoto: "Leta kuni!" Kulia: "Ninazo tatu tu!" Kushoto kicheko, kulia kicheko kilekile.

Alivuka barabara bila kutazama magari, ndoo ingali mkononi. Nadhani sijapata kumwona na furaha kama ile tangu chumba kilipokuwa kimejaa.

"Mtoto wa fundi!" akasema. "Mwaka mzima! Hatua tano! Wanapiga kelele zinakwenda mpaka mbinguni kwenye mitambo, zinarudi kushuka nyumba ya pili. Si wangefungua dirisha tu?"

"Umewaambia?"

"Bado. Nifanyeje?"

Lazima niandike na hili, kwa sababu nimewalaumu wengi katika maisha yangu na sitajiruka. Mimi ndiye niliyemwambia asingoje. Nilimwambia, "Wewe si Refa? Waite, wakalishe benchini, wape pedi. Watakwambia asante mpaka wazeeke." Ningeulizwa tena siku ile ningesema hivyohivyo. Hatukujua kitu kingine. Kwetu watu wawili wanaopendana bila kuonana ni watu wenye tatizo, na tatizo hilo hutatuliwa kwa kuonana.

Akaenda kwa fundi cherehani. Yule mama ana mdomo unaokwenda kama mashine yake, na pini huwa zimo humohumo mdomoni.

"Mwanangu ana rafiki?" fundi akasema. "Mwanangu yupi? Huyu wangu?"

"Unao wangapi?"

"Mmoja, na huyo mmoja ni kama sina. Anakwenda shule kwa miguu peke yake, anarudi peke yake, akifika anafunga mlango. Nilidhani anaongea peke yake, dada yangu. Nilitaka kumpeleka akaombewe!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakapanga Jumamosi saa nne asubuhi, na wakakubaliana wasiwaambie watoto. Iwe zawadi.

Jumamosi ile Refa alifagia chumba chote, hata upande wa muuza vifuniko. Akatoa televisheni moja iliyobaki hai, akapuliza kanda, akasafisha pedi mbili mpaka vitufe vikang'aa. Nilialikwa, nikaja na soda nne, nikakaa mlangoni. Mjukuu alikuwapo kwa sababu mama yake alikuwa zamu. Alikaa benchini anamsubiri Chuma Saba aingie kwenye gemu. Akalalamika amechelewa.

"Atakuja," Refa akasema, anaficha kicheko.

Fundi cherehani akaingia anamvuta mwanawe kwa mkono wa shati. Mtoto wa miaka kumi na miwili, miwani mizito, shati limeshonwa vizuri kuliko alivyolivaa, macho yako sakafuni kama kuna kitu ameangusha.

"Haya," Refa akasema, na sauti yake ikawa ile ya zamani. "Malkia wa Radi, huyu ndiye Chuma Saba. Chuma Saba, huyu ndiye Malkia wa Radi. Peaneni mikono, kaeni, mcheze."

Hawakupeana mikono. Binti alitoa spika masikioni polepole, moja, halafu ya pili. Alimtazama yule mvulana kuanzia viatu.

"Ulisema una miaka kumi na tano," akasema.

Mvulana akasukuma miwani yake juu ya pua.

"Ulisema mnakaa ghorofa ya tisa. Ulisema kuna lifti."

"Kuna… kulikuwa na…" mvulana akaanza, akaacha. Sauti ile niliyosimuliwa kwamba hutoa amri za vita haikuwapo. Kisha, kama mtoto aliyelelewa vizuri anayetafuta pa kukimbilia, akamgeukia mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye yule mama wa kazi?"

Refa alitabasamu bila kuelewa. "Mama wa kazi gani?"

"Wa kwao. Huwa nakusikia unamwita ale. Nilimuuliza huyo ni nani anapiga kelele, akaniambia nisijali, ni mama wa kazi, masikio yake mabovu kidogo. Mama yake mwenyewe yuko jikoni siku zote, hapendi kelele."

Muuza vifuniko aliacha kupanga vifuniko vyake. Binti alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Na Refa, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumruhusu mtoto aseme bao si bao, alimtazama mjukuu wake, akamwona alivyo, kisha akamjibu mvulana kwa upole kabisa.

"Ndiyo, mwanangu. Ndiye mimi. Masikio yananisumbua kweli."

Yangeweza kuishia hapo. Nimefikiri sana kwamba yangeweza kuishia hapo. Binti alikuwa ameinua macho kumtazama bibi yake, na sijui kilichokuwa kinataka kutokea usoni mwake. Lakini fundi cherehani yeye hakuwa ameona lolote, alisikia tu mwanawe anamvunjia mtu mzima heshima.

"We mtoto una wazimu?" akamaka, akamzaba kofi la bega. "Mama wa kazi wa wapi? Huyu ni bibi yake! Bibi yake mzaa baba! Na mama yake ni muuguzi, hayupo jikoni wala sebuleni, hata sasa hivi hayupo! Omba msamaha!"

Mvulana alimtazama Malkia wa Radi. Hakumcheka, na hilo nalisema kwa haki yake. Alisema tu, taratibu, "Kumbe na wewe."

Nadhani alitaka kusema wako sawa. Nadhani kwake ilikuwa faraja. Lakini binti alisikia alichokisikia. Aliinuka, akapita katikati yetu, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Mvulana akamfuata mama yake nje, hajagusa soda. Televisheni iliendelea kupiga ule muziki wake wa kusubiri wachezaji, tatatiti, tatatiti, mpaka nikainuka nikachomoa waya.

Refa alikaa benchini mahali mjukuu wake alipokuwa amekaa.

"Hajanikana kwa ubaya," akasema. "Alikuwa anajenga. Hakuwa na mahali pa kuniweka."

Jumatatu binti alikuja kama kawaida, akala, akaosha sahani. Akashika simu, akakaa kitambo, akaiweka chini. Refa hakuvumilia.

"Mwenzio hayupo?"

"Amebomoa upande wake."

"Upande wa nini?"

"Wa nyumba. Amechukua mbao zake zote. Na jina lake halipo tena."

"Yuko hapo ng'ambo ya ukuta, mama. Twende tukamgongee. Nitakwenda na wewe."

"Simjui, Bibi."

"Mwaka mzima!"

"Ninayemjua ni Chuma Saba," binti akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza bibi yake zaidi. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Refa alikwenda mwenyewe. Alimkuta fundi kwenye mashine, na safari hii pini tu ndizo zilizokuwa mdomoni. Mtoto siku hizi anacheza ile gemu ya kupanga matofali, akasema, isiyo na watu. Dirisha la uchochoroni amelipigilia kitambaa. "Tuliwakosea nini, dada yangu?" fundi akauliza. "Si tuliwakutanisha tu?"

Wiki mbili Refa alikaa na mtoto kimya ndani ya chumba. Aliniapia kwamba alikuwa akienda kumwaga maji uchochoroni hata ndoo ikiwa tupu, kusikiliza. Yeye aliyekuwa akipiga kelele "Zima hiyo kitu ule!" sasa angetoa chochote asikie mtoto anamwita mtu alete kuni.

Siku moja saa tisa basi la shule lilipita bila kusimama. Refa alidhani dereva amesahau, akalikimbilia na mkono juu, mwanamke wa miaka yake. Mimi nilimwona binti dirishani, kichwa kimeinama. Refa alimpigia mwanawe, wakazungumza, na mimi nikasikia upande mmoja tu. Wa pili alinisimulia.

"Mama, ameomba ufunguo wa nyumbani," mwanawe alimwambia. Alikuwa njiani na lori lake. "Anasema anataka akae kwetu mwenyewe akitoka shule. Amekua."

"Ana miaka kumi na moja."

"Ndiyo, lakini hana shida yule. Hatoki nje, hana makundi mabaya. Wazazi wenzetu wanatuonea wivu."

"Nani atakuwa naye?"

"Ana simu, Mama. Ukimkumbuka mpigie."

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Karakana nimeifunga, nina muda, huwa navuka barabara mchana kukaa naye. Juzi nilimuuliza kama amempigia.

"Kila siku nampigia."

"Anapokea?"

"Ananijibu kwa maandishi. Hebu nisomee la leo, miwani iko ndani."

Nikaichukua simu. Nikaona mstari mrefu wa majibu, siku juu ya siku, na yote yalikuwa yaleyale mpaka pale kidole changu kilipochoka kupandisha.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anasema yuko sawa."

"Basi?"

Nilitafuta kama kuna zaidi. "Basi," nikasema, nikamrudishia simu yake.